Gari Lilikunjika, Sisi Tukabaki

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa msomaji mmoja ambaye baba yake anakataa kabisa kufunga mkanda anapoketi kiti cha nyuma. Aliandika kwamba kila anapomkumbusha, mzee humjibu kuwa mkanda ni wa dereva na wa aliyekaa mbele, na kwamba yeye amepanda magari tangu ujana wake bila mkanda na hajapatwa na lolote. Akaniuliza, kwa heshima kubwa, kama ipo namna ya kumwamuru mzazi wako afanye jambo asilolitaka. Niliusoma ujumbe huo mara tatu, kisha nikaiweka simu kando, kwa sababu swali hilo ndilo lililonishinda mwenyewe miaka mitatu iliyopita, siku ambayo gari langu liligongana uso kwa uso na gari jingine, mimi nikiwa kwenye usukani, mdogo wangu kando yangu, na mjomba wetu nyuma yake.

Ilikuwa alasiri, mvua imekatika muda mfupi uliopita na lami bado inang'aa. Tulikuwa tunaikaribia kona ndefu pale pikapu moja ilipochomoza ikilipita lori, ikiwa upande wetu wa barabara. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote na nikaihisi pedali ikitetemeka chini ya mguu wangu, mtetemeko ambao siku hizo niliudhani ni hitilafu. Leo najua kwamba ule ulikuwa mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge, ambao huachia na kukaza breki mara nyingi ndani ya sekunde moja ili dereva aendelee kuwa na uwezo wa kugeuza gari wakati anafunga breki. Magurudumu yangejifunga, usukani usingenisaidia chochote, tungeteleza moja kwa moja kama kipande cha sabuni. Kwa kuwa hayakujifunga, niliweza kulisogeza gari pembeni kidogo, na pikapu ikatupiga nusu ya mbele badala ya mbele yote.

Nilichokiona baada ya hapo ni weupe. Vumbi jembamba lilijaa ndani ya gari, pamoja na harufu kali kama ya baruti, nami nikaamini kwamba tunaungua. Haukuwa moto. Ulikuwa mfuko wa hewa, ule unaojaa ghafla gari linapogongwa ili kumkinga dereva, ambao tayari ulikuwa umelegea na kuning'inia katikati ya usukani kama shuka lililoloa. Mdogo wangu alikuwa akipumua kwa sauti. Mlango wangu ulifunguka kwa msukumo wa bega, jambo ambalo sikulithamini hadi nilipoliona gari hilo tena. Kisha nikasikia sauti ya mjomba, ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia, ikiniita kama nami ninavyomwita: "Mjomba, mguu wangu."

Mimi nilivunjika kifundo cha mkono na mbavu mbili, na kwa wiki kadhaa nilikuwa na alama ya zambarau iliyokatiza kifuani kutoka begani hadi kiunoni, upana wake sawasawa na upana wa mkanda. Mdogo wangu, ambaye naye alikuwa amefunga mkanda, aliumia bega, na hakuliumiza kwa ajali yenyewe, bali kwa uzito wa mjomba uliokisukuma kiti chake kutoka nyuma. Mjomba alivunjika nyonga na paja. Hadi leo anatembea kwa mkongojo.

Nimekuwa nikisimulia habari hii kwa watu wengi, na mara nyingi hujibiwa kwa maneno mawili ambayo yananiumiza kwa namna mbili tofauti. La kwanza ni kwamba aliyetuokoa ni Mungu. Naliamini hilo kwa moyo wangu wote, ila sioni kwa nini shukrani hiyo izibe macho yetu tusiwaone watu waliokaa miaka mingi wakipasua magari makusudi ili wajue mwili wa binadamu unaumia vipi na unakingwa vipi. La pili nililisikia kutoka kwa fundi mmoja, siku nilipokwenda kuyachukua makaratasi yangu ndani ya gari lililoharibika. Aliligonga boneti kwa vidole, akatikisa kichwa, akasema kwamba magari ya siku hizi ni karatasi, na kwamba lingekuwa gari la zamani lingetoka na mkwaruzo tu. Ndugu zangu wawili waliokuwa wamenisindikiza waliitikia. Nilisimama pale mkono wangu ukiwa ndani ya plasta, nikijiona kama niliyewaponza watu wangu kwa kununua bati bovu.

Sikuwa na jibu siku ile. Ninalo sasa, na nitalitoa kwa urefu, kwa sababu imani hiyo kuhusu ugumu wa magari ya zamani inaua.

Mwaka 2009, taasisi ya utafiti wa usalama barabarani inayogharimiwa na kampuni za bima nchini Marekani iligonganisha magari mawili: Chevrolet Bel Air ya mwaka 1959, kubwa, nzito, ya chuma kinene, na Chevrolet Malibu ya mwaka 2009. Yaligongana kwa kupishana nusu, kila moja likiwa kwenye mwendo wa takribani kilomita 64 kwa saa. Chumba cha abiria cha lile la zamani kilibomokea ndani, usukani ukasukumwa kuelekea kwa sanamu aliyewekwa mahali pa dereva, na watafiti wakahitimisha kwamba mtu aliye hai asingepona. Kwenye lile jipya, pua yote ilisagika, lakini chumba cha abiria kilibaki na umbo lake, na jeraha lililotarajiwa ni la mguuni tu.

Sababu yake ni rahisi kuieleza. Ukiwa ndani ya gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, mwili wako nao unakwenda kilomita 50 kwa saa, na kuusimamisha ghafla ni sawa na kuanguka kutoka kimo cha mita 10 hivi. Mwendo huo lazima uishie mahali fulani. Ukiishia ndani ya sentimita 5, kama anavyosimamishwa mtu aliyepiga kifua kwenye usukani, mwili unapokea nguvu mara 12 ya ile ambayo ungeipokea kama ungesimamishwa taratibu ndani ya sentimita 60. Kukunjika kwa pua ya gari ndiko kunakotupatia sentimita hizo. Kila kipande cha bati kilichojikunja mbele yangu siku ile kilikuwa kinakula nguvu ambayo ingeingia mwilini mwangu. Gari ambalo halikunjiki linampelekea dereva nguvu yote, nalo likatoka na mkwaruzo tu, kama alivyosema fundi, ila aliyemo ndani hatoki.

Mhandisi Béla Barényi wa Mercedes-Benz ndiye aliyeliona jambo hili mapema, miaka ya mwanzo ya 1950, wakati ambapo karibu kila mtu aliamini kwamba gari salama ni gari gumu kote. Yeye alipendekeza gari lenye sehemu tatu: mbele na nyuma palegee ili pakunjike, katikati pawe pagumu ili pasikunjike. Nilipolitazama gari langu kwa mara ya pili, nikiwa nimeshasoma haya, niliuona mstari huo waziwazi. Mbele ya kioo hapakuwa na kitu kinachotambulika, injini imesukumwa chini, taa moja imegeuka na kutazama mlango. Nyuma ya mstari huo, nguzo za milango zilikuwa wima na saa ya dashibodi ilikuwa bado inakwenda. Nililia pale, na sioni aibu kusema hivyo.

Lakini chuma hicho chote kimebuniwa kwa kudhani kwamba wewe umefungwa kitini. Hapa ndipo ninapotaka msomaji wangu na baba yake wasikilize kwa makini. Gari linapokunjika na kupunguza mwendo wake, asiyefunga mkanda hapunguzi mwendo pamoja nalo. Anaendelea kwenda mbele kwa mwendo ule ule wa awali, hadi akutane na kitu kigumu. Zile sentimita 60 zinatumika na kwisha bila yeye kupata hata moja. Mjomba alikutana na kiti cha mdogo wangu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mkanda unaweza kupunguza hatari ya kifo kwa waliomo ndani ya gari kwa hadi asilimia 50, na mtu asiyefunga nyuma ni hatari pia kwa aliye mbele yake, kama bega la mdogo wangu linavyoshuhudia kila siku za baridi.

Mkanda huu wa kupita begani na kiunoni ulibuniwa na Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo ambaye kabla ya hapo alikuwa akitengeneza viti vya kumrusha rubani nje ya ndege inayoanguka. Ulianza kuwekwa kwenye magari mwaka 1959, na kampuni yake ikaacha wazi hataza, yaani haki ya kisheria ya ubunifu huo, ili watengenezaji wengine nao wautumie. Ubora wake ni kwamba unaipeleka nguvu kwenye mifupa inayoweza kuibeba, yaani ya nyonga, ya kifua na ya bega, badala ya tumbo. Ndiyo maana sehemu ya chini inapaswa kulala juu ya mifupa ya nyonga, wala si juu ya tumbo, na ile ya juu ipite katikati ya bega, isipitishwe kwapani hata kama inakusumbua shingoni. Mfuko wa hewa hujaa ndani ya takribani sehemu 30 za sekunde iliyogawanywa mara 1,000, haraka kuliko kupepesa jicho, na nguvu yake ni kubwa mno kwa mtu aliyeukaribia. Kaa angalau sentimita 25 kutoka katikati ya usukani. Mtoto anayewekwa kwenye kiti kinachotazama nyuma asiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Kiegemeo cha kichwa kipandishwe kifikie usawa wa utosi, na kiwe karibu na kisogo, kwa kuwa kazi yake ni kuilinda shingo pale mtu anapokugonga kwa nyuma. Haya hayahitaji fedha. Yanahitaji dakika moja kabla ya kuondoka.

Sasa nifike kwenye lile ambalo nimelikwepa kwa miaka mitatu.

Mjomba hakukataa kufunga mkanda. Siku ile alipoingia, niliona kwenye kioo cha ndani kwamba ameketi bila kuuvuta, nami nilinyamaza, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli na sikujiona kuwa mtu wa kumwelekeza namna ya kuketi. Nilijiambia kwamba yupo nyuma, nyuma ni salama. Wakati wa matibabu yake aliniambia kwamba aliutafuta mkanda kwa mkono, akaupata ulimi wake, akakosa mahali pa kuuchomeka, akaona asinisumbue. Nilirudi kulikagua gari. Kifungio cha upande wake kilikuwa kizima kabisa, kimezama chini ya kava za viti ambazo mimi mwenyewe niliagiza zishonwe miezi michache nyuma, kwa sababu nilitaka gari lipendeze. Nilizinunua kwa furaha, na hakuna siku niliyokaa kiti cha nyuma cha gari langu mwenyewe kuona zimefunika nini.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kumlaumu baba yako nenda ukakae pale anapokaa yeye. Uvute mkanda hadi mwisho, uuchomeke, uukaze kwa mkupuo mmoja uone kama unashika. Kama viti vina mifuko ya hewa ubavuni, kava iliyoshonwa bila kuacha nafasi inaweza kuizuia isifunguke, basi iondoe hata kama iligharimu. Taa ya onyo ya mifuko ya hewa ikiwaka na isizimike, usiizoee. Ukinunua gari lililowahi kugongwa, uliza kwa ukali kama mikanda yake ilibadilishwa, kwa sababu mkanda uliokwisha kumzuia mtu katika ajali kubwa umeshavutika nyuzi zake na haupaswi kuaminiwa mara ya pili.

Kuhusu namna ya kumwambia mzee, mimi sasa simwambii mtu. Ninaketi, ninafunga wangu, na siigusi swichi mpaka nisikie mlio wa kila mkanda uliopo ndani ya gari. Wapo walionikasirikia. Mama mmoja wa makamo alishuka akatafuta usafiri mwingine, nami nilimwacha ashuke.

Mjomba ameniruhusu kuyaandika haya kwa sharti kwamba nisimfanye mkaidi. Mwezi uliopita tulisafiri pamoja kwa mara ya kwanza tangu ajali. Alikataa kukaa mbele. Aliuegemeza mkongojo mlangoni, akainama, akapapasa kati ya viti kwa vidole vyake hadi akakigusa kifungio, akakishika hivyo kwa muda kabla ya kuuvuta mkanda, nami nikasubiri mlio.