"Bemire" maana yake nini
Mkuu umeuliza neno la Kiingereza "bemire" ni nini na kama unaweza kuiweka kwenye ripoti ya lori lenu lililokwama. Inatamkwa bimaya, ni kuchafua kitu kwa matope au kukizamisha topeni mpaka kinanasa, yaani bodaboda ikapita spidi dimbwini ukabaki suruali yote tope mpaka magotini basi ushakuwa "bemired", na lori lako lililozama hadi ekseli nalo hivyohivyo. Neno la zamani hilo, lipo tangu karne ya 16, "mire" ni tope au kinamasi na hiyo "be" ni ileile ya "befriend". Mara nyingi utalikuta vitabuni, tena kwenye hali ya kutendwa. Kwenye ripoti achana nalo aisee, andika tu "stuck in mud", bosi asije akadhani umemeza kamusi 😂