Kabla hujapeleka vitabu maktaba

Ukitaka kuipa maktaba ya umma vitabu ulivyokwisha kuvisoma, anza kwa kuuliza. Piga simu au pita mwenyewe, umwulize mkutubi wanapokea vya aina gani, na lini. Kuna wakati stoo imejaa na hawapokei chochote, na maktaba nyingi hazitaki kabisa vitabu vya kiada vya mtaala uliopita.

Watu hudhani kitabu cha bure hakiigharimu maktaba kitu. Kinaigharimu sana. Lazima mtu akikague, akiingize kwenye katalogi, akipe namba, abandike lebo mgongoni, agonge muhuri, kisha akitafutie nafasi kwenye rafu ambayo tayari imebanana. Kitabu kibovu nacho kinamlia mkutubi muda wake, hata kama mwisho wake ni kutupwa. Kwa hiyo uchambuzi ufanyike nyumbani kwako, usimwachie yeye.

Mimi hushika kimoja kimoja. Kwanza nakinusa. Harufu ya uvundo ni dalili ya ukungu hata kama madoa hayajaonekana, na ukungu huhamia kwenye vitabu vya jirani. Hicho hakitoki nyumbani. Kisha nakifungua katikati nione kama gundi imeachia na kurasa zinachomoka. Halafu natazama mwaka wa kuchapwa. Riwaya ya 1985 bado ni riwaya, lakini kitabu cha dawa, sheria au kompyuta cha mwaka huo kinaweza kumpotosha anayekiamini. Mwisho napekua kurasa zote, maana humo hujificha barua, picha za familia na karatasi za benki.

Vitabu vya watoto vilivyo safi ndivyo nilivyoona vikipokewa kwa furaha zaidi. Huazimwa mno na huchakaa upesi, hivyo pengo lipo siku zote.

Jambo moja huwaudhi wengi: kukuta kitabu walichokitoa kinauzwa. Nchini Marekani, kwa mfano, maktaba nyingi zina vikundi vya marafiki wa maktaba ambavyo huuza vitabu vilivyotolewa, na fedha zikanunulia vipya au kugharimia vipindi vya watoto. Binafsi naliunga mkono jambo hili kwa moyo wote. Nakala ya tano ya riwaya ileile haina kazi kwenye rafu, lakini ikiuzwa inaweza kuleta kitabu ambacho msomaji amekisubiri kwa muda mrefu. Kama una kitabu ambacho roho itakuuma kikiuzwa, bora ubaki nacho.

Tumia maboksi madogo, maana vitabu vichache tu huwa mzigo wa kuvunja mgongo. Na tafadhali usiyaache mlangoni usiku. Umande tu unatosha kuviharibu. Peleka saa za kazi, umkabidhi mtu mkononi, na kama unahitaji hati ya mapokezi, iombe hapohapo.