Kupanda Vuria mchana: ushauri kwa wenzangu wa Mombasa

Sisi watu wa Mombasa tukipata siku mbili za mapumziko twakimbilia Diani, Watamu au Malindi. Twatoka bahari hii twaenda bahari ile, na milima tumewaachia watu wa bara. Naona tunajinyima. Milima ya Taita iko karibu nasi kuliko Nairobi, na kilele chake kirefu, Vuria, mita 2,208 juu ya usawa wa bahari, mtu wa kawaida mwenye afya anakipanda mchana na kuteremka kabla giza halijaingia. Hiyo kabla ndiyo nataka kuizungumzia zaidi, maana nimeona watu wengi wakijiandaa kwa viatu na vyakula na kusahau saa.

Kwanza njia. Panda treni ya SGR ya asubuhi pale Miritini, ile inayosimama vituo vya katikati, ushuke Voi. Kutoka Voi kuna matatu za Wundanyi. Zafuata barabara ya Taveta hadi Mwatate, kisha zinakata kulia na kuanza kupanda. Kona ni nyingi, kwa hiyo anayesikia kichefuchefu garini aombe kiti cha mbele na asile mahamri mengi kabla. Voi uko kwenye mita kama 600. Ukishuka Wundanyi tayari umepita mita 1,300 na upepo ni mwingine kabisa. Hapo ni adhuhuri. Ndiyo maana kwa mtu anayetoka Mombasa asubuhi hiyo hiyo, matembezi ya mlimani yanakuwa ya mchana, apende asipende. Pikipiki itakupeleka hadi vijiji vilivyo chini ya kilele, na pale umtafute kijana wa kijijini akuongoze. Kilele kina minara ya mawasiliano na barabara ya udongo inayoifikia, kwa hiyo njia ipo. Lakini raha yenyewe iko kwenye vijia vya msituni, na huko vijia vinagawanyika. Bei mpatane mapema, kwa upole, na muulize pia kama kuna ada ya msitu.

Sasa saa. Mtu aliyekulia pwani anajua hesabu hii hata kama hajawahi kuona mlima: maji yakipwa unatembea hadi mwambani kuokota kome, ila saa ya kurudi umeiweka kabla hujatoka ufukweni, maana maji yakijaa hayakungojei. Mlimani fanya vivyo hivyo. Taita jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro dakika kumi, kulingana na mwezi, na sisi watu wa karibu na ikweta twajua jinsi giza linavyoanguka ghafla. Chini ya miti linaanza mapema zaidi. Mimi nikianza kupanda saa saba, saa kumi na nusu nageuka, niwe nimefika kileleni au sijafika. Mwambie kila mwenzako saa hiyo mkiwa bado chini, tena mwambie na kiongozi wenu. Mkishafika juu kila mtu atataka dakika kumi zaidi, na dakika kumi za watu watano ni karibu saa nzima.

Kugeuka huko kunauma, nakiri. Kutoka Vuria, hali ya hewa ikiwa safi, Kilimanjaro unaonekana upande wa magharibi, na mlima ule una tabia ya kujifunika mawingu mchana kutwa na kujifunua jioni au alfajiri. Yaani saa unayotakiwa kuteremka ndiyo saa unaanza kuonekana. Anayeutaka kwa udi na uvumba alale Wundanyi na apande tena alfajiri. Asibaki juu akingoja. Na kusema kweli, hata bila Kilimanjaro kuna mengi ya kutazama: mashamba ya katani ya Mwatate yamepangwa safu chini kabisa, kilima cha Sagalla kule Voi, mlima Kasigau umesimama peke yake kusini mashariki, na nyika ya Tsavo imezunguka pande zote hadi macho yanachoka.

Mavazi yanahitaji maneno kidogo. Joto hupungua karibu nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ukiacha Mombasa kwenye nyuzi 30, kileleni jihesabie 17 hivi, na upepo juu yake. Beba sweta na koti la mvua hata kama Voi ulitokwa na jasho. Dada zangu, buibui refu linanasa kwenye mizizi na kunyonya tope; gauni fupi kidogo juu ya suruali, na mtandio uliofungwa vizuri, vinatosha na vina stara. Viatu viwe vya kufunika vidole, vyenye soli ya meno chini. Udongo wa Taita ni mwekundu, na ukilowa unateleza vibaya. Kandambili ziache nyumbani.

Kuhusu pumzi, usiogope. Ugonjwa wa kimo huwa unaanza kusumbua watu kuanzia kama mita 2,500, na Vuria haufiki huko. Lakini utahema, kwa sababu miguu yetu imezoea tambarare. Wiki chache kabla, panda ngazi za ghorofa kila jioni, au tembea kwenye mchanga mlaini pale Nyali. Maji lita mbili kwa mtu, tende, na viazi karai vya asubuhi kama vimebaki.

Kinachonirudisha Taita hasa ni ule ukungu. Upepo wa kusi unatoka Bahari ya Hindi umebeba unyevu, ule ule unaotufanya tulowe mashati Mwembe Tayari, unavuka nyika yote kavu bila kudondosha kitu, kisha unagonga milima hii, unapanda, unapoa na kuwa wingu. Umesimama ndani ya msitu, unaona ukungu mweupe unaingia kati ya mashina kimyakimya. Kwenye kuvumwani, zile ndevu zinazoota juu ya miti, matone yanaanza kukusanyika, na majani yanadondosha maji ingawa mvua hainyeshi. Mara moja tulikutana na mama mmoja mzee anateremka na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Akatuamkua, akatazama juu ya mabega yetu, akasema, "Wanangu, ukungu unakuja, msichelewe huko." Sisi hatukuwa tumeona chochote. Nusu saa baadaye hatukuona hatua kumi mbele yetu. Mwenyeji akikwambia geuka, geuka, hata kama saa yako bado.

Kwa sababu hiyo mimi napenda Januari na Februari, wakati wa kaskazi, mbingu zikiwa wazi zaidi. Juni hadi Agosti ni baridi na ukungu mwingi. Nenda kama unaupenda, lakini usitegemee kuona mbali. Masika usiende, tope litakushinda.

Kuna jambo moja naliomba kwa moyo. Milima ya Taita ni ya safu ile ya Tao la Mashariki inayoshuka hadi Udzungwa kule Tanzania, na misitu ya asili iliyobaki ni vipande vidogo tu kati ya mashamba. Ndani yake kuna ndege wasiopatikana kwingine duniani, na mmoja wao, apalis wa Taita, yuko hatarini kabisa kutoweka. Basi spika za muziki zibaki Mombasa. Msikate matawi kutengeneza fimbo, msing'oe maua ya kupeleka nyumbani, na chupa zenu mrudi nazo zote.

Kurudi Mombasa usiku huo huo usijaribu. Matatu za kushuka Voi hupungua jioni, na zile kona hazifai gizani. Lala Wundanyi, ule chakula cha moto. Ukipata kimanga, yaani muhogo au viazi vitamu vilivyopondwa na maharage, usikatae. Kesho yake ushuke Voi kwa utaratibu. Na tiketi ya treni ya kurudi ikate siku ile ile unayokata ya kwenda, hasa wikendi na likizo za shule, maana viti vya kupandia Voi huisha upesi.