Kipimo cha damu baada ya dozi ya H. pylori
Je, kipimo cha damu kikisoma chanya baada ya kumaliza dozi ya H. pylori, bakteria wa vidonda vya tumbo, ina maana bado wapo? Hapana, majibu hayo si ushahidi kwamba bakteria bado wapo. Kipimo hicho kinasoma kingamwili (kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya bakteria), nazo hubaki mwilini miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, H. pylori wakiwa wameshakufa. Usirudie dozi kwa majibu hayo. Omba kipimo cha choo cha antijeni (chembe za bakteria wenyewe), au cha pumzi kama kipo, angalau wiki 4 baada ya antibayotiki ya mwisho. Omeprazole (dawa ya kupunguza asidi tumboni) iache wiki 2 kabla ya kipimo: inawafifisha bakteria, majibu yanatoka hasi kumbe wapo. Ila ukitapika damu au choo kikiwa cheusi kama lami, nenda hospitali siku hiyo hiyo.