Jina lake halikukaa kwenye mizani

Juzi kuna mdogo wangu mmoja kanitumia meseji ndefu saa nane usiku, kaachwa tangu mwezi wa tano na kila akiamka kitu cha kwanza anaangalia kama yule kaka yuko onlaini. Akaniuliza, dada wewe ulitokaje huko? Nimeisoma mara tatu nikalia, maana mimi nilikuwa na hali mbaya kuliko yake.

2021 nilikuwa naishi Kimara, Dar, kazi Posta. Basi la mwendokasi lilikuwa linanifikisha moja kwa moja lakini mimi nashuka Magomeni Mapipa, natembea mpaka karibu na ofisini kwa mwanaume aliyeniacha niangalie tu kama gari lake lipo, halafu narudi kituoni nalipa nauli upya. Kila siku ya kazi, miezi minne. Na alishaniambia kwa mdomo wake kwamba ana mtu. Miaka mitatu nimempikia, nimemuuguza, mama yake ananiita mkwe, halafu naambiwa "sikukuahidi kitu". Hilo neno bado linaniuma, sitawadanganya.

Nilianza kwa kuandika matusi kwenye simu, kurasa na kurasa, na kesho yake bado nashuka Magomeni. Ndio nikaamua niandike shairi la kweli, tarbia ile ya sekondari, mistari minne, kila mstari mizani 16, yaani silabi, nane kwa nane, na vina, zile silabi zinazofanana, kati na mwisho. Nahesabu kwa vidole ndani ya basi watu wananiangalia. Nilitaka jina lake likae mwisho wa mstari, sasa jina lenyewe linaishia na "so", ukishaweka mateso, leso na uso umeishiwa. Wiki nzima nahangaika nalo. Asubuhi moja nikalitoa, ubeti ukakaa wenyewe, nikaandika wa pili hapohapo, kuja kushtuka basi liko Kivukoni. Magomeni nimepita sijaiona, na Posta pia.

Kibwagizo cha shairi, ule mstari unaorudiwa kila ubeti, ni hiki: "Simu nimeizimisha, moyo haujazimika." Jumamosi iliyopita nimelisoma mbele ya watu Mikocheni, kufika ubeti wa tatu ukumbi mzima unanimalizia. Najivunia na sioni aibu kusema.

Kwa hiyo andikeni jamani. Kama sio shairi basi shona, chora, imba, ila chagua kitu chenye sheria zake, kitu kitakachokukatalia. Kumwaga uchungu tu haitoshi, ukiumwaga bila chombo unarudi kuukanyaga. Bibi zetu walilijua hili, kanga ina pindo, mji wa katikati na jina, yale maneno yaliyoandikwa, na yote waliyotendewa waliyaweka kwenye lile jina, mstari mmoja tu, mtaa mzima ukaelewa. Acha kulinda onlaini ya mtu, Mungu hakukuumba kwa kazi hiyo, una mikono na una akili, zitumie! Na ukimaliza usimpelekee yeye. Mimi shairi la kwanza nilimtumia, likapata tiki mbili za bluu na kimya mpaka leo, na kile kimya kilinirudisha Magomeni wiki mbili nyingine.

Mdogo wangu, ubeti wa kwanza ukiisha nitumie mimi, hata kama ni saa nane usiku. Nitauhesabu mizani.