Pima ubao wako kabla ya kuchora: kwa wanaoanza modeli za mbao za kupachika

Wengi wanaoingia kwenye kazi hii ya kukata mbao kwa leza, yaani kwa mwali mkali wa mwanga unaoongozwa na kompyuta, huanzia kwenye kompyuta. Mtu anapakua mchoro wa ndege au wa lori, anaupeleka kwa mwenye mashine, na jioni ana mfuko wa vipande visivyoshikana. Hapo lawama zote zinakwenda kwa mashine. Wadogo zangu wa Mbeya, Iringa, Njombe na kwingineko huku Nyanda za Juu Kusini, nawasihi muanze na ubao. Modeli ya kupachika haina msumari, na ikitengenezwa vizuri haidai gundi. Inashikiliwa na ulimi wa kipande kimoja kubanwa ndani ya pengo la kipande kingine, na tofauti kati ya kubana na kucheza ni sehemu ya kumi ya milimita, mara nyingine hata chini ya hapo.

Sisi tuna bahati ya kuishi jirani na mbao. Sao Hill, kule Mufindi, ndilo shamba kubwa la miti ya kupandwa nchini, na Mafinga wanamenya magogo ya mipaina na milingoti kutengeneza plaiwudi. Lakini si kila plaiwudi inafaa leza. Ile ya ujenzi, iliyotengenezwa kustahimili maji, mara nyingi ina gundi nyeusi ambayo mwali haupenyi kirahisi. Utaunguza uso wa ubao huku upande wa chini haujakatika. Itazame kwa ubavu: ukiona mstari mweusi kati ya tabaka, iache. Ukiona mashimo kati ya tabaka, iache pia, maana ulimi ukiangukia hapo umepata ulimi wa tabaka mbili badala ya tatu. Kabla ya kulipia shiti zima la futi 8 kwa 4, omba kipande cha masalia cha shiti hilohilo ukakijaribu kwenye mashine. Muuzaji mwelewa hakunyimi.

MDF, ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, ni rahisi kukata na unene wake hautofautiani sana toka kona hadi kona. Ubaya wake ni kwamba haipendi maji, moshi wake unawasha macho na koo, na ulimi mwembamba wa MDF ukilazimishwa hupasuka katikati ya unene. Itumie kwa vitu vipana, usiitumie kwa miguu ya tembo.

Sasa tuje kwenye kupima, na hapa naomba usiwe na haraka. Ubao unaoitwa wa milimita 3 unaweza kuwa 2.7 au 3.2. Nunua venia, kile kipimio cha taya mbili cha kupimia unene, hata ile ya bei ndogo, upime kona nne na katikati, uandike kwa penseli kwenye ubao wenyewe. Huku kwetu mvua za Novemba hadi Aprili zina neno lao katika hili. Ubao uliosimamishwa ukutani masika unavuta unyevu, unanenepa na kupinda mgongo, na ubao uliopinda unakutoa kwenye fokasi, ule umbali ambao mwali unakuwa mkali zaidi: upande mmoja unakatika safi, mwingine unabaki umeshikilia. Laza mbao zako juu ya kitu kilichonyooka, weka uzito juu, na uzipime tena siku ya kukata, maana kipimo cha Agosti hakikusaidii Februari.

Baada ya unene, tafuta leza yako inakula kiasi gani. Kama msumeno unavyokula mbao, ndivyo leza inavyogeuza kuwa moshi upana fulani wa mti kila inapopita, kwa kawaida kati ya milimita 0.1 na 0.3 kwenye ubao wa milimita 3. Nusu inaliwa upande huu wa mstari, nusu upande ule. Kwa hiyo pengo ulilolichora linatoka pana zaidi, na ulimi uliouchora unatoka mwembamba zaidi. Chora ulimi wa milimita 20 na tundu lake la milimita 20, kwa leza inayokula 0.2: ulimi utatoka 19.8 na tundu 20.2. Tayari una mchezo wa 0.4, na modeli inayumba kabla haijasimama.

Kukijua kiasi hicho ni kazi ya dakika chache. Chora mstatili wa urefu wa milimita 100, ugawe kwa mistari 9 upate vipande 10, ukate vyote, uvipange vikigusana bila mwanya, kisha upime urefu wa jumla. Ukipata 98.1, leza imekula 1.9 kwa mikato 10 kamili (ile miwili ya pembeni inahesabiwa nusu nusu), yaani 0.19 kila mkato. Ukibadilisha nguvu, kasi au lenzi, rudia. Mashine mbili za aina moja katika mtaa mmoja hazili sawa.

Kwa ubao wa 2.9 na leza inayokula 0.19, hesabu inakuambia uchore pengo la 2.71. Usiishie kwenye hesabu. Kata kwanza kitana cha majaribio: kipande kirefu chenye mapengo kuanzia 2.55 hadi 2.85, kila moja likizidi mwenzake kwa 0.05, na namba imechongwa chini ya kila pengo. Chukua kipande cha masalia cha ubao uleule ukipachike kimoja baada ya kingine. Kwenye 2.85 kitaingia chenyewe na kudondoka ukigeuza. Kwenye 2.55 utasikia nyuzi za juu zikikwaruzika, na pembeni mwa pengo utaona uso wa ubao umenyanyuka kidogo. Unalolitafuta ni lile linaloingia kwa kusukuma na kidole gumba tu, linakataa kidogo mwanzoni kisha linakubali, na ukigeuza kitana chini juu na kukitikisa, kipande kinabaki palepale. Hiyo namba ndiyo yako, kwa ubao huo, kwa mashine hiyo, kwa msimu huo. Plaiwudi ya mpaina ni laini kidogo, inavumilia pengo la kubana zaidi, MDF haivumilii.

Mtego mwingine uko kwenye kukuza na kupunguza mchoro. Tuseme mteja anataka behewa la TAZARA. Reli ile ina upana wa milimita 1,067, kwa hiyo kwa kipimo cha 1 kwa 50, yaani milimita 50 za kweli zikiwa 1 ya modeli, magurudumu yanasimama kwenye milimita 21.3. Umemaliza kuchora, anasema lifanye kubwa kidogo, 1 kwa 40. Unashika mchoro wote unaukuza kwa asilimia 125, na kila kitu kinapendeza kwenye kioo. Lakini pengo lako la 2.7 sasa limekuwa karibu 3.4, na ubao haukukua. Mapengo yachorwe mwisho, au yawekwe kwenye tabaka lake la mchoro (layer) ambalo halikuzwi pamoja na mengine. Ukijifunza FreeCAD, programu ya kuchorea ambayo ni ya bure, unaweza kuandika unene wa ubao mahali pamoja na mapengo yote yakafuata. Kuijifunza kunachosha mwanzoni, lakini mimi naona kuna faida kubwa kuliko kununua michoro ya watu.

Vipande visipokutana kwa pembe mraba, pengo linataka kupanuliwa, kwa sababu leza inakata wima tu. Mbao mbili za milimita 3 zinazopishana kwa digrii 60 zinahitaji pengo la karibu milimita 5.2. Anayeanza atumie pembe mraba kwanza. Modeli nyingi nzuri hazina pembe nyingine.

Kuna jambo ambalo michoro mizuri inaficha, nalo ni njia ya kuingilia. Kila kipande kinaingia mahali pake kwa mwelekeo mmoja. Kipande kimoja kikiwa na mapengo mawili yanayotazama pande tofauti, hakiingii kabisa, hata kama vipimo vyote ni sahihi, kwa sababu mkono hauwezi kukisukuma chini na pembeni kwa wakati mmoja. Ndiyo maana lori zuri la kupachika lina uti wa mgongo: mbao mbili ndefu za ubavuni, vipande vya kukingama vinashuka kutoka juu, kisha bodi inakuja kuvifungia visipande tena. Chukua boksi la katoni, kata umbo hilo kwa wembe, ulipachike mezani. Katoni ya bure itakuonyesha kipande gani kinamzuia mwenzake, wakati leza unailipia kwa dakika.

Angalia pia nyuzi za ubao. Plaiwudi ya tabaka tatu ina nyuso mbili zenye nyuzi za upande mmoja na moyo unaokwenda kinyume. Ulimi mwembamba uelekee kule zinakoelekea nyuzi za nyuso. Ukiugeuza ili kubana nafasi kwenye shiti, utavunjika kwenye vidole vya mtoto wa mteja.

Unapompelekea mwenye mashine faili, weka mraba wa milimita 100 pembeni auhakiki kabla ya kukata, kwa sababu vipimo hubadilika faili likihama toka programu moja hadi nyingine. Muulize anatumia rangi gani ya mstari kwa kukata na ipi kwa kuchonga. Futa mistari iliyolaliana, la sivyo leza itapita mara mbili na kula zaidi. Namba za vipande zichongwe kwanza, matundu ya ndani yafuate, mzingo wa nje uwe wa mwisho, maana kipande kikishaachia ubao kinaweza kusogea. Na usimshawishi akukatie PVC wala reksini: vinatoa gesi yenye klorini inayoharibu mapafu na kuila mashine kwa kutu. Mashine ikiwa inakata, mtu akae pale, na mtungi wa kuzimia moto uwe karibu. Hilo halina mjadala.

Siku ya kuunganisha, panga vipande vyote mezani kwa namba kabla ya kupachika hata kimoja. Futa masizi kwa kitambaa, piga msasa nyuso tu. Ukipiga msasa ndani ya pengo umeharibu kile ulichokipima. Ulimi ukikataa, upake nta ya mshumaa kidogo. Sukuma sawasawa pande zote mbili, usipindishe. Ukilazimika kugonga, weka kipande cha mbao katikati na utumie nyundo ya mpira. Tone la gundi nyeupe ya mbao liende tu kwenye kiungo kitakachoshikwashikwa kila siku, kama ekseli ya gurudumu.

Kama mteja yuko Dar es Salaam na mzigo unakwenda kwa basi, usiunganishe. Acha vipande ndani ya shiti lake, vikishikiliwa na vidaraja vyembamba vya nusu milimita ambavyo mteja atavivunja kwa mkono, na funga shiti kati ya katoni mbili ngumu. Ongeza vipande vya akiba vya zile sehemu zenye ndimi nyembamba. Kwenye daftari lako andika jina la modeli, unene wa ubao uliotumika na upana wa pengo uliochora, kwa sababu mteja akipiga simu mwezi wa tatu kuomba gurudumu lililopotea, utalikata kutoka kwenye shiti jingine kabisa, na itabidi ulipime upya.