Mkuu, futa hicho kichwa cha somo KABLA ya Jumamosi (Nisea na vitabu vya Biblia)

Mkuu simama hapo hapo. Umeandika semina ya vijana ni Jumamosi, somo "Nisea 325, siku Biblia ilipochaguliwa", yaani ule mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Nisea mwaka 325, na unataka tukuongezee ya tarehe ya Pasaka, Mama wa Mungu na kwanini Wakopti (Wakristo wa Misri) walijitenga. Hayo yatasubiri. Hicho kichwa cha somo mimi kimenitoa laki tatu na arobaini.

Mwaka juzi kongamano la parokia nikapewa mada kama yako. Nikajifungia na YouTube wiki nzima, kuna bwana mmoja ana sauti nzito kama anasoma matangazo ya vifo redioni, anakwambia maaskofu walirundika vitabu kando ya altare, wakaomba, vya kweli vikajikuta juu na vya uongo chini. Nikaona hii ndo yenyewe. Nikachapa vijitabu 200 kwa 1,700 kila kimoja, hela yangu, nikijua vijana watanunua nirudishe. Kumbe ile ni hekaya iliyokuja kuandikwa karne nyingi baada ya mtaguso, na yule bwana anaisimulia kama alikuwepo anawashikia viti. Mpaka leo video ipo na watu wanamuandikia "ubarikiwe mtumishi". Abarikiwe na laki tatu yangu.

Sasa siku yenyewe nimetiririka dakika arobaini, najiona Athanasi mwenyewe, yule askofu maarufu wa Aleksandria, mzee mmoja katekista, miwani mguu mmoja umefungwa uzi, akanyanyuka huku nyuma taratibu. "Mwanangu, umesema Nisea ilipitisha vitabu. Ni kanuni ya ngapi?" Kanuni ndo zile sheria zenye namba ambazo mtaguso ulipitisha. Nikamwambia ni zile za mwanzoni mzee wangu. Akasema, "Ya kwanza ni habari za matowashi kuwa mapadre. Ya pili, aliyebatizwa juzi asikimbizwe kupewa daraja. Ya tatu, padre asikae nyumba moja na mwanamke ila mama, dada, shangazi au asiyetiliwa shaka. Niendelee?" Ukumbi ukaangua kicheko, paroko akawa anatazama dari. Na mzee akaendelea kweli, mpaka ya 20! Hakuna kitabu hata kimoja kilichopigiwa kura humo.

Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya kama tulivyo navyo utaikuta kwenye barua ya Pasaka ya huyo Athanasi mwaka 367, halafu kwenye mitaguso ya Afrika Kaskazini, Hippo 393 na Karthago 397. Nisea shughuli kubwa ilikuwa Ario, padre wa Aleksandria aliyefundisha kwamba Mwana ameumbwa. Ndo maana Jumapili kwenye Nasadiki unasema "aliyezaliwa bila kuumbwa", pale unamjibu Ario, miaka 1,700 baadaye, na pengine unasema huku unatafuta sadaka mfukoni.

Kwahiyo sheria ni moja tu: HUJAONA NAMBA YA KANUNI, USISEME MTAGUSO ULIAMUA. Zote 20 ni kurasa chache, unazimaliza kabla chai haijapoa. Na zina mambo matamu kuliko hiyo hekaya. Ya nne inataka askofu awekwe na maaskofu wasiopungua watatu, angalia daraja lolote la askofu leo uhesabu wanaomwekea mikono. Ya 20 inakataza kupiga magoti Jumapili, watu wasali wamesimama, sasa kawaambie hivyo wanakwaya wako uone. Ya 17 inamvua daraja kiongozi anayekopesha kwa riba, hiyo usiisome karibu na mtunza hazina, mimi sikutumi.

Pasaka nayo haimo kwenye zile 20, imo kwenye barua ya mtaguso kwa kanisa la Aleksandria, kwamba wote waiadhimishe pamoja. Waorthodoksi bado wanahesabu kwa kalenda ya zamani ndo maana tunapishana, ingawa 2025 tulikutana tarehe 20 Aprili.

Vijitabu vilibaki 180 na kitu, mama wa karanga pale getini alivichukua vyote bure. Wiki iliyopita nimenunua za mia mbili, nimefungua, nakutana na picha yangu.